Utatuzi wa matatizo ya vyombo vya kutua ufukweni, kuanzia mlango wa omo hadi rafadha

Chombo cha kutua ufukweni kimeundwa kufanya jambo ambalo nahodha wa chombo kingine chochote hufundishwa kuliepuka: kinapandisha omo yake, yaani sehemu yake ya mbele, mchangani kwa makusudi, kinalaza ukuta wake wa mbele uwe daraja, kinateremsha askari au magari, kisha kinajivuta chenyewe kurudi majini. Hitilafu nyingi zinazojirudia katika vyombo hivi huzaliwa na kitendo hicho kimoja. Fundi anayeanza kufungua injini kabla ya kuuliza chombo kilitua wapi, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, na mchanga wa hapo ni wa namna gani, anaweza kupoteza siku nzima akitafuta tatizo mahali lisipo.

Mwongozo huu unahusu vyombo vya chuma vyenye bapa chini, injini mbili au zaidi za dizeli na mlango mmoja mkubwa wa mbele, ambao mabaharia wengi huuita rampu. Mfano unaojulikana sana ni LCM-8 ya Marekani, yenye urefu wa takriban mita 22, iliyobuniwa iweze kubeba kifaru kimoja cha vita. Ndugu zake wakubwa ni wale wa jamii ya LCU. Vyombo vya kiraia vilivyojengwa kwa ramani hiyo hiyo, vinavyobeba malori na saruji baina ya bara na visiwa vya pwani yetu, huugua magonjwa yale yale, kwa hiyo yaliyomo humu yanawahusu pia wahudumu wake.

Mlango wa omo haupandi, au unapanda nusu na kusimama

Sababu inayoongoza si mtambo, ni uzito. Mchanga uliolowa, mawe na matope hujikusanya juu ya ulimi wa mlango kila gari linapopita, na tairi la gari la mwisho likiwa bado linaugusa, winchi au pampu hujaribu kuinua mzigo usio wake. Hakikisha kwanza kwamba hakuna gari wala mtu juu ya mlango, safisha mchanga kwa koleo na maji, kisha jaribu tena kwa mwendo wa polepole. Kama omo imejichimbia mchangani na mlango umezama chini ya uso wa ufuo, usiendelee kulazimisha, kwa sababu nguvu yote itaishia kwenye bawaba.

Sababu ya pili ni kufuli au pini ya usalama iliyosahauliwa upande mmoja. Dalili yake ni mlango kupanda ukiwa umepinda, upande mmoja ukitangulia. Simamisha mara moja, kwa kuwa mlango uliokwisha kupinda hautafunga sawasawa tena hata ukirekebishiwa kila kitu kingine.

Yakishaondolewa hayo mawili, ndipo mtambo wenyewe ukaguliwe. Katika mfumo wa haidroliki anza na kiasi cha mafuta kwenye tangi lake, kisha tazama rangi yake. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji ya bahari, na mafuta yenye povu yanaonyesha kwamba pampu inavuta hewa kupitia kiungo kilicholegea upande wa kufyonza. Baada ya hapo kagua chujio, na mwisho valvu ya kupunguzia shinikizo, ambayo ikikaa wazi humfanya mtu adhani pampu imekufa ilhali nzima. Katika mfumo wa winchi na waya, tazama kama waya umetoka kwenye gurudumu lake, kama breki imeachia kikamilifu, na kama magurudumu yenyewe bado yanazunguka au yameganda kwa kutu na chumvi.

Kuna maonyo mawili yasiyo na nafasi ya majadiliano. Mtu asisimame chini ya mlango ulioinuliwa wala kwenye mstari wa waya uliokazwa, kwa kuwa waya ukikatika hurudi kwa kasi isiyompa mtu muda wa kukwepa. Na mtu asitafute tundu la mpira wa haidroliki kwa kidole au kiganja. Mafuta yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi na kuacha kidonda kidogo kisichouma sana mwanzoni, lakini huyo ni majeruhi wa kupelekwa hospitalini saa ile ile, maana kuchelewa kunaweza kumgharimu mkono. Tafuta tundu kwa kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye fimbo, na kama hitilafu iko ndani ya pampu au ndani ya silinda, kazi hiyo ni ya fundi wa haidroliki.

Mlango unashuka wenyewe chombo kikiwa safarini

Hapa hakuna matengenezo ya baharini zaidi ya kufunga. Breki ya winchi iliyolika ndiyo sababu ya kawaida, ikifuatiwa na silinda inayovuja ndani kwa ndani, kisha waya uliochoka. Punguza mwendo, geuza chombo ili mawimbi yasipige omo, funga kufuli zote za mkono, ongeza minyororo na vikazio vya akiba, na urudi bandarini. Uzito wa mlango haupaswi kamwe kuachiwa waya au mafuta peke yake wakati wa safari, kwa kuwa kufuli za chuma zimewekwa kwa kazi hiyo. Waya wenye nyuzi zilizokatika, uliobanwa ukawa bapa au ulioota kutu ndani, ubadilishwe wote bila kuungwa.

Maji yanaonekana kwenye sitaha ya magari, au chombo kinalalia upande

Maji kidogo yaliyorushwa na mawimbi ni jambo la kila safari. Maji yanayoongezeka bahari ikiwa shwari ni tatizo, na mahali pa kwanza pa kutazama ni ukingo wa mlango. Gasketi ya mpira hukatwa na changarawe, hukauka kwa jua na kulalia upande mmoja, lakini mara nyingi inakuwa nzima kabisa na kinachozuia mlango usikae ni konzi ya mchanga kwenye kizingiti. Safisha, funga, tazama tena. Kama maji bado yanapita, fanya jaribio la chaki: paka chaki ukingo wa chuma unaokutana na gasketi, funga mlango na kuukaza, ufungue, kisha fuata alama ya chaki kwenye mpira. Palipokatika alama ndipo panapopitisha maji. Kama pengo liko pembeni, huenda kurekebisha vikazio kutatosha. Kama liko katikati ya ulimi, mara nyingi chuma kimepindishwa na magari mazito yaliyopanda kwa kasi, na hapo anahitajika mchomeleaji mwenye cheti cha kazi za meli.

Sababu ya pili ni matundu ya kutolea maji yaliyozibwa na magunia, kamba, maganda na mchanga. Kuyasafisha ni kazi ya dakika chache, nayo inastahili kufanywa kabla ya kila safari, maana mfumo mzima wa chombo chenye sitaha wazi unategemea maji yatoke haraka kuliko yanavyoingia.

Chombo kikilalia upande ilhali sitaha ni kavu, pima maji ndani ya vyumba vilivyofungwa vya ubavuni kwa fimbo ya kupimia, ukianza na chumba cha mbele kabisa upande uliolala. Sahani za chini ya omo ndizo zinazosuguliwa na kugongwa kila mara, kwa hiyo ufa wa kwanza hujitokeza huko, mara nyingi kwenye mishono ya kulehemu. Vifuniko vya vyumba hivyo vilivyoachwa bila kukazwa huleta maji pia, hasa baada ya mtu kuingia kukagua na kutoka kwa haraka.

Inafaa kueleza kwa nini jambo hili halivumiliki hata kwa saa moja. Maji yaliyotandaa kwenye sitaha pana isiyo na vigawanyo hukimbilia upande wowote chombo kinapoinama, na hivyo huongeza mwinamo ule ule ambao chombo kinajaribu kuuondoa. Kivuko cha Herald of Free Enterprise kiliondoka Zeebrugge tarehe 6 Machi 1987 milango yake ya omo ikiwa wazi, maji yakafurika sitaha ya magari, na kikapinduka ndani ya dakika chache. Watu 193 walipoteza maisha. Tarehe 28 Septemba 1994 meli ya Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki baada ya kifuniko cha omo kung'oka kwenye dhoruba, na watu 852 wakafa. Zilikuwa meli kubwa kuliko chombo chochote kinachozungumziwa hapa, na bado maji yalizishinda. Kwa hiyo chombo kikianza kulala na sababu isijulikane, usihamishe magari ili kukisawazisha, kwa kuwa mzigo unaotembea unaweza kukimalizia. Wavalishe watu wote majaketi ya kuokolea, toa taarifa kwa redio, pampu ianze kazi, na uelekee maji ya karibu yaliyo shwari.

Injini inapata joto kupita kiasi

Dalili hii huja zaidi wakati chombo kimekaa ufukweni kikisukuma mbele kwa nguvu ndogo ili kisitoke mahali pake. Rafadha, yaani panga linalozunguka majini kusukuma chombo, huchafua mchanga wa chini, na mchanga huo huvutwa pamoja na maji ya kupozea. Kwa hiyo chujio la maji ya bahari ndilo la kufunguliwa kwanza, siku zote. Kama chombo kina machujio mawili, hamia la pili na usafishe la kwanza injini ikiendelea. Kama ni moja, zima injini hiyo, funga valvu ya bahari, safisha, fungua tena, na hakikisha kwamba maji yanatoka kwenye mdomo wa moshi kwa wingi uliozoeleka.

Maji yakiwa haba ingawa chujio ni safi, kagua impela ya pampu ya maji ya bahari. Mchanga hulamba mabawa yake ya mpira, na bawa lililokatika husafiri na kwenda kuziba mirija ya kipozeo, kwa hiyo ukikuta impela imepungukiwa na bawa usiridhike na kuweka mpya mpaka umepata kipande kilichopotea. Baada ya hapo tazama mkanda wa pampu, hewa iliyonaswa kwenye mabomba, mirija ya kipozeo iliyojaa matope na magamba ya chumvi, na thamostati. Gasketi ya kichwa cha injini ni mtuhumiwa wa mwisho, ingawa mafundi wengi hupenda kumshika wa kwanza; ishara zake ni mapovu katika maji ya kupozea na mafuta ya injini kugeuka rangi.

Vyombo vingi vya aina hii vilifungwa injini za Detroit Diesel za mfululizo wa 71, ambazo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 70 na 85 za Selsiasi. Joto likiendelea kupanda kuelekea 95 baada ya kupunguza mzigo, zima. Usifungue kifuniko cha maji ya kupozea injini ikiwa ya moto, kwa kuwa mvuke unaotoka humuunguza mtu usoni kabla hajaondoa mkono.

Moshi mzito, au mizunguko inayopanda yenyewe

Moshi mweusi chombo kikitoka ufukweni kwa kawaida unatokana na mzigo uliozidi, chujio la hewa lililojaa vumbi au rafadha iliyozongwa na kitu. Moshi wa bluu au mweupe baada ya kukaa muda mrefu kwa mizunguko midogo hutokana na dizeli na mafuta yasiyoungua vizuri, na mara nyingi husafika injini ikipewa mzigo wa wastani kwa muda. Usiposafika, nozeli zipimwe karakana.

Mizunguko inayopanda bila mtu kugusa mkono wa kasi ni hatari ya namna nyingine. Katika injini hizi za mipigo miwili inaweza kusababishwa na fimbo ya nozeli iliyokwama, au na mafuta ya kulainishia yanayovuja kupitia sili za kipulizia hewa na kuwa chakula cha injini, kiasi kwamba kukata dizeli hakusaidii. Njia ya kuisimamisha ni kuinyima hewa, na ndiyo maana injini hizi huwekewa mlango wa dharura wa kuziba hewa. Kila mtu wa chumba cha injini anapaswa kujua mkono wake ulipo hata gizani. Baada ya tukio hilo injini isiwashwe tena mpaka fundi wa dizeli aipime.

Mtetemo baada ya kutua, na usukani kuwa mzito

Tenganisha kwanza injini na shafti. Endesha injini moja baada ya nyingine bila gia, kisha kwa gia. Mtetemo unaokuja kwa gia tu uko kwenye rafadha, shafti au beringi zake. Unaosikika hata bila gia uko kwenye injini au viunga vyake. Katika pwani zenye uvuvi mwingi, kamba na vipande vya nyavu huongoza orodha, vikifuatiwa na ubapa wa rafadha uliopindwa na jiwe, beringi ya mpira iliyolika kwa mchanga, na shafti iliyopinda. Usukani mzito nao mara nyingi ni ubao wa usukani uliogusa chini wakati chombo kikirudi nyuma, au mchanga uliobanana kati ya ubao huo na nguzo zake, na ni mara chache kosa likawa kwenye mafuta ya mfumo.

Umbo bapa la chini linatoa nafasi ambayo meli nyingine hazina, kwa kuwa chombo kinaweza kulazwa kwenye mchanga safi maji yakipwa na kukaguliwa kwa miguu. Kama ni lazima mtu apige mbizi, zima injini zote mbili, kata umeme wa betri kwa swichi kuu, na ufunguo akae nao mpiga mbizi mwenyewe. Shafti iliyopinda isinyooshwe ufukweni kwa moto na nyundo.

Chombo kinakwama mbali na ufuo

Hapa chanzo ni hesabu ya maji, au fungu na mwamba usioonekana kwenye ramani. Tarehe 20 Novemba 1943 huko Betio, katika visiwa vya Tarawa, boti za kutua za Higgins zilizohitaji zaidi ya mita moja ya maji zilikuta maji mafu, yaani yale yasiyojaa sana, hayajafunika mwamba vya kutosha, na askari wa Marekani wakalazimika kutembea majini mamia ya mita chini ya risasi, ilhali magari ya minyororo yenye uwezo wa kuelea yaliweza kuupanda mwamba ule na kupita.

Kwenye pwani ya Zanzibar na Dar es Salaam, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4, na maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Kanuni ya sehemu kumi na mbili inatosha kwa makadirio: kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza ya kupwa maji hushuka mita 0.3, ya pili 0.6, ya tatu na ya nne 0.9 kila moja, kisha 0.6 na 0.3. Anayekwama saa ya pili ya kupwa ana dakika chache tu kabla maji hayajamkimbia. Tua maji yakiwa yanajaa kila inapowezekana, na ukigusa chini mapema usiteremshe magari mpaka mtu apime kina mbele ya mlango kwa fimbo, kwa sababu nyuma ya fungu mara nyingi kuna mfereji wa kumeza lori.

Chombo kinageuzwa ubavu na mawimbi

Chanzo kikuu ni kupunguza nguvu ya injini mapema mara tu mlango unaposhuka, kisha mkondo wa pembeni, kisha kutua kwa mshazari. Omo ikiwa imeshika mchanga, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ndiyo inayoogelea, na kazi ya nahodha ni kuilinda hiyo. Tezi ikisukumwa kushoto, geuza usukani kushoto na uongeze nguvu ya mbele ya injini ya kulia. Ikisukumwa kulia, fanya kinyume chake. Simamisha upakuaji wakati huo, maana gari lililo nusu mlangoni linaweza kupindisha bawaba zote. Kama chombo kimeshalala ubavu sambamba na ufuo na mawimbi yanakipanda, watoe watu upande wa nchi kavu, zima injini zinazovuta mchanga, na uite tagi, yaani boti ya kuvuta meli. Kukivuta kwa trekta kutoka ufukweni huleta madhara mapya mara nyingi kuliko kuokoa.

Chombo hakitoki mchangani

Tazama kwanza mlango. Ukiwa bado chini, ulimi wake umeshika mchanga kama nanga, kwa hiyo uinuliwe na kufungwa kabla ya kurudi nyuma. Kisha fikiria uzito uliobaki mbele: maji ya mizani, yaani ya kusawazisha chombo, kwenye matangi ya omo yatolewe, na mizigo midogo isogezwe nyuma kama tezi ina kina cha kutosha. Vyombo vikubwa vyenye nanga ya nyuma vinapaswa kuwa viliiangusha wakati wa kuingia, mbali na mawimbi yanayovunjika, na sasa waya wake ukazwe taratibu kwa winchi. Hakikisha haulegei hata kidogo injini zinaporudi nyuma, kwa kuwa waya uliolegea huishia kwenye rafadha. Chombo kisicho na nanga hiyo hutegemea injini na wimbi: rudi nyuma kwa nguvu ya kati, usukani ukiwa katikati, ongeza nguvu wimbi linapoinua tezi, punguza linapopita. Kama mchanga umenyonya bapa la chini, peleka injini moja mbele na nyingine nyuma kwa zamu ili tezi iyumbe na mnyonyo uachie.

Tazama vipimo vya joto muda wote huo. Majaribio yasipozaa mwendo wowote na maji yanapwa, acha, maana kila dakika ya kuendelea inachimba shimo chini ya rafadha na kujaza mchanga kwenye mfumo wa kupozea. Weka nanga, funga vifuniko vya vyumba vyote, na usubiri maji yajae. Ukiwa umekwama kwenye kilele cha bamvua usitegemee maji ya kesho, kwa sababu yatakuwa pungufu, na bamvua nyingine iko mbali kwa takriban wiki mbili. Huo ndio wakati wa kuita tagi mapema, pamoja na mtaalamu wa uokoaji wa vyombo atakayechagua mahali pa kufunga kamba ili bolardi, yaani nguzo ya kufungia kamba, ising'oke. Tukio la kukwama litaarifiwe kwa mamlaka husika ya usafiri wa majini, yaani TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya, na kwa chombo cha jeshi, kamandi yake.

Chombo kikishaelea, kabla ya kushika njia, pima vyumba vyote vya chini kwa fimbo, safisha machujio, jaribu usukani pande zote mbili, endesha kila injini peke yake kwa gia ya mbele na ya nyuma, kisha pima vyumba tena baada ya nusu saa. Chumba chochote ambacho maji yake yamepanda kati ya vipimo hivyo viwili kinatosha kuirudisha safari bandarini.